Mama Yake Kublu Anashuka na Ndege

Huku kwetu kaskazini kwenye barafu, ndege ikichelewa, benchi la nje ya kituo cha ndege halina nafasi, na siku hiyo ukungu ulikaa kama mgeni asiyejua kuaga. Chupa ya kahawa ilizunguka kati ya watatu: Redio, mtangazaji wa kijiji asiyezimika hata akitoka studio; Injini, fundi wa pikipiki za theluji; na mzee Kublu, aliyenyoa ndevu kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. Walimngoja Aasivak, aliyeondoka miaka minne iliyopita kwenda kucheza filamu ng'ambo. Binti huyo, aliyelelewa na Kublu, alipewa jina la marehemu mama yake Kublu, na kwetu jina ndiye mtu: tangu yuko mgongoni, Kublu humwita mama, naye humwita mwanangu. Mzee hakulala usiku. Aliogopa umaarufu umemfanya yatima mara ya pili.

— Nyota njema huonekana asubuhi, akaanza Redio.

— Asubuhi ipi? akadakia Injini. Jua halijazama tangu mwezi wa tano!

— Ndo maana tulichelewa kumwona.

— Mi nawaambia siri ya umaarufu wake ni shimo la sili, akasema Injini. Yule alikuwa anasimama juu ya barafu kutwa nzima, mkuki mkononi, anangoja sili achomoze kichwa toka majini apumue, hapepesi jicho. Kamera inataka nini zaidi?

— Wapi! Ni nyusi. Siku ya majaribio ya filamu waliulizwa, mtaweza kulia? Wenzake wakatoa hotuba. Yeye kapandisha nyusi tu, si ndo “ndiyo” yetu? Wazungu wakasimama kupiga makofi!

— Nasikia wamefungua na shule ya nyusi.

— Mwalimu mkuu shangazi yangu!

Kublu akakohoa.

— Acheni. Huyo ni mama. Mama aliwaiga watu mpaka padri akacheka mazishini. Jina halipotei.

— Kumbe kwenye mabango yote yale ni bi mkubwa! akasema Redio. Hongera, mzee. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mama yako umemlea vizuri.

Wakacheka hadi kahawa ikamwagika. Kublu naye alicheka, kifua kimejaa fahari.

Muuguzi mgeni kutoka kusini, aliyekuja kupokea dawa, akauliza kwa upole:

— Samahani, mzee. Na siku hizi yeye anakuitaje?

Injini akainamisha chupa, haikutoa kitu. Kublu akaangalia viatu vyake. Miaka yote minne salamu za Aasivak zilikuja redioni, kwa kijiji kizima; hata moja haikusema “mwanangu”.

Ukungu ukapasuka, ndege ikatua. Watoto wakamzingira Aasivak kwa vifijo. Kublu akabaki nyuma ukutani, hakuthubutu kuita. Binti akawapita wote, akaja kumshika kidevu.

— Mwanangu, mbona umekonda? Na nani kakunyoa ovyo hivi?

Mzee wa miaka sabini akalia waziwazi.

— Mama, umerudi?

Aasivak akapandisha nyusi.