Miaka Thelathini na Mitatu ya Kupinda Mishale ya Watu

Leo, Ijumaa tarehe 13 Septemba 2024, Delmar Zastrow anastaafu baada ya kulitumikia duka letu la pinde na mishale kwa miaka thelathini na mitatu na nusu. Siku hii aliichagua mwenyewe. Kesho alfajiri msimu wa kuwinda kulungu kwa upinde unafunguliwa, na Delmar aliona ni haki wateja wapate nafasi ya mwisho ya kumchukia ana kwa ana.

Aliajiriwa Machi 1991 kukata mishale kwa vipimo. Siku hizo wengi hapa kaskazini mwa Wisconsin walitumia mishale ya alumini, ambayo haina siri: ukiugonga kwenye jiwe unapinda, na hata kipofu atajua. Kisha ikaja ya kaboni. Mshale wa kaboni haupindi ukabaki hivyo. Ama ni mzima, ama umevunjika, na ubaya wake ni kwamba unaweza kuwa umevunjika huku ukimeta kama mpya. Huo hauwezi hata kumfikia kulungu. Unapasukia kwenye upinde pale unapouachia, na vipande vyake vinaingia kwenye mkono ulioushika upinde.

Nasi tunavyoishi na mishale yetu mnajua. Jumapili, bia mkononi, tunapiga mishale mitano kwenye alama moja uani, na ikigongana tunashangilia. Kisha tunaifuta kwa shati na kuirudisha kwenye podo. Ule uliomwangusha dume mwaka jana, ukapita kwenye mbavu na kuchomeka kwenye mawe, ndio tunaouosha na kuutanguliza mwaka huu, eti una bahati.

Delmar hakuamini bahati. Kila mshale uliowekwa kwenye kaunta, hata kama mwenyewe alikuja kuulizia soksi, aliushika ncha mbili, akaupinda kuelekea mbali na uso wake, akautegea sikio asikie mlio wa ufa, akauzungusha robo, akaupinda tena. Ukikaa kimya, alikurudishia bila neno. Ukilia, aliupeleka kwenye msumeno na kuukata katikati ili usiweze kutumika tena. Ruhusa hakuomba. Wangu pia aliukata, ule wa dume langu lenye pembe za matawi kumi, na nilimnunia wiki mbili. Huko nyumbani kwake, mkewe Marlys huficha sindano zake za kufumia.

Utaalamu huu aliupata kihalali: katika wilaya nzima hakuna aliyekosa kulungu wengi na kupiga mawe mengi kama yeye. Wapo waliosema anavunja mishale ili auze mipya. Ukweli ni kwamba kwa mauzo alikuwa wa mwisho kila mwaka, kwa sababu mteja aliyetaka mishale kumi na miwili aliambiwa sita inamtosha.

Mwaka 2011, mkesha wa msimu kama leo, alikuja Rollie Teske. Baba yake alikuwa amefariki majira ya baridi, na Rollie alileta mshale ambao mzee alimpigia kulungu wake wa mwisho. Alitaka tu abadilishiwe kile kipande cha plastiki cha mkiani, ili aufungue nao msimu. Mwenye duka, Bi. Connie Pruess, alimvuta Delmar pembeni. "Huu usiuguse, Delmar. Nakuomba. Ni wa marehemu."

Delmar akaupinda. Mara ya kwanza kimya, mara ya pili kimya. Mara ya tatu hata mimi niliyekuwa kwenye rafu za buti niliusikia.

"Umekufa huu, Rollie."

"Nipe hivyohivyo. Mkono ni wangu, bwana, si wako."

"Kweli, ni wako," Delmar akasema, akauwasha msumeno.

Sijawahi kumwona mwanamume mzima akilia kwenye foleni ya kununua leseni ya kuwinda. Rollie aliviokota vipande vyote viwili, akaviangalia, akavirudisha chini na kuondoka. Connie alimfukuza Delmar kazi hapohapo, mbele ya wateja arobaini, na Delmar akaenda zake na mkoba wake wa chakula. Kisha Connie, ili kutuonyesha kwamba mshale ulikuwa mzima kabisa, akachukua nusu moja na kuipinda. Ikachanuka kama ufagio. Nilimtoa vibanzi saba kiganjani kwa kibano. Nilipomaliza alimpigia Delmar simu. Msamaha hakuomba, alimuuliza tu mapumziko yake ya chakula yanaisha saa ngapi.

Mafanikio yake ni magumu kuyaandika. Kwa miaka yote hii hakuna mteja wetu aliyetobolewa mkono na mshale wake, na kwa jambo ambalo halikutokea hakuna anayekupa cheti. Rollie hajakanyaga dukani tangu siku ile. Mishale ananunua mtandaoni, na dada yake anasema kila mmoja huupinda sikioni kabla ya kuupiga, akimtukana Delmar kwa jina. Nilipompelekea mwaliko wa chakula hiki cha kumuaga Delmar alinijibu kwa maandishi: "Nakuja. Sijamsamehe. Nafuata samaki wa kukaanga."

Delmar, asante, ndugu yetu. Kesho lala mpaka jua litoke, na Marlys akupikie unachokipenda. Uwe na miaka mingi yenye afya. Nasi wengine, tukishamaliza kula, tutasimama tukupigie makofi. Wengi wetu bado tuna kinyongo nawe. Tutapiga kwa mikono yote miwili.