Ngozi za Idi

Siku ya nne ya Idi Kubwa, basi la Mardan lilikuwa bado linanuka nyama. Nyuma ya mwalimu Shaista, karani mstaafu alikuwa akimfundisha mwenye bucha chanzo cha wanamgambo: Marekani iliwapa bunduki, majenerali wakawalea, mahakama zikalala. Tangu basi litoke Peshawar hakuwa amemsaza mtu kwa lawama, ila nafsi yake.

"Sawa, haji," akasema mwenye bucha. "Na ngozi ya fahali wako mwaka huu umempa nani?"

"Wale wa kambi ya misaada. Walifika na mkokoteni hata damu haijakauka."

"Kambi ile ni ya wanamgambo haohao, haji. Ngozi wanaziuza kiwandani. Zinarudi zikiwa risasi."

"Sasa wewe, mafuriko yalipotukumba wao walileta mahema, serikali ikaleta hotuba. Ningewanyimaje?"

"Sijasema uwanyime. Nilikuwa nasikiliza tu unavyowataja waliowalea."

Karani akakohoa, kisha akaanza upya na Marekani.

Basi likasimama kwenye kizuizi. Askari wakapanda kupekua mifuko, wanatafuta silaha. Shaista akafungua wake bila kuinua macho. Ngozi ya mbuzi wake watu wa kambi ile waliifuata mlangoni juzi, na yeye ndiye aliyewashukuru.