Nilifunga Maji, Mungu Akafungua Mdomo Wangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na nyinyi mmekaa karibu na mlango, msitoke bado: Bwana asifiwe!

Mnanijua. Mimi ni Musyoka wa matangi. Shule niliacha darasa la tano, lakini ukifungua mfereji hapa Tala maji yakatoka, uliza ni nani aliunganisha hiyo paipu. Nilianza na spana ya kuazima. Leo niko na duka, niko na pikapu, na watu wa digrii wananiita injinia bomba zao zikipasuka. Sijisifu, nasifu Mungu aliyenipa hiki kichwa.

Lakini kuna maji yalinishinda, na yalikuwa kwa nyumba yangu.

Binti yangu Mwende, miaka tisa, alikuwa anakojoa kitandani. Mimi nikasema ni uvivu. Nilimchapa, Mungu anisamehe. Ndugu zake wakaanza kumwita "Tangi", na mimi nikacheka.

Halafu nikaleta ufundi. Paipu ikivuja unafanya nini? Unafunga maji! Nikamfungia. Ikishapita saa sita mchana, hakuna maji, hakuna chai, hata uji hakuna. Na Mwende ni mtoto mtiifu, ndugu zangu. Alifunga kuliko vile nilimwagiza. Hata asubuhi akaacha kunywa, na jua ya huku kwetu mnaijua. Kitanda nacho? Kililowa zaidi!

Wiki ya tatu akaanguka kwa gwaride shuleni. Mama yangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Kivaa, tukampeleka zahanati pamoja. Sista akapima mkojo, akabonyeza tumbo, akamuuliza mara ya mwisho alienda choo kubwa lini. Mwende hakukumbuka.

"Baba Mwende, huyu mtoto ako na kiu," sista akasema. "Choo ngumu imejaa, inafinya kibofu, na wewe umefunga maji! Hakojoi kwa kupenda. Analala fofofo, kibofu kinaita, yeye hasikii. Kwenu kuna mwingine alikuwa hivi?"

Nikapanua kifua. "Kwa ukoo wetu? Hakuna!"

Mama akakohoa. "Musyoka. Ile blanketi nilikuwa naanika nyuma ya ghala, ilikuwa ya nani? Ya mbuzi?"

"Mama, tafadhali..."

"Mpaka miaka kumi na mbili, sista! Na sikumchapa hata siku moja. Hata bwanangu, baba yake huyu Musyoka, alikuwa hivyo, na alipona."

Sista akainama kuandika, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka. Mwende akainua macho. Ndugu zangu, huyo mtoto alikuwa hajaniangalia usoni tangu nianze kumfungia maji.

"Baba, hata wewe?"

Hiyo siri nilikuwa nimeikaza na spana tangu utotoni. Hapo ikafunguka. Nikamwambia Mwende, "Hata mimi, mama." Nikalia mbele ya sista, mimi injinia!

Tulipewa dawa ya kulainisha choo. Maji anakunywa ya kutosha asubuhi na mchana, jioni kidogo tu. Anaenda choo mara kwa mara, na tena kabla ya kulala. Akilowesha, shuka inabadilishwa bila hotuba. Hakuna fimbo, na jina la Tangi limebaki dukani. Sista alisema tukiona homa, maumivu akikojoa, ama kiu isiyoisha, turudi mbio. Sitawadanganya ati godoro ilikauka siku moja. Ilichukua miezi. Hata juzi ilitokea, na tukakunywa chai yetu kama kawaida.

Mzazi mwenzangu, weka fimbo chini. Mpeleke mtoto kwa wenye kujua, umwachie Mungu zile siku za kungoja. Na kabla useme kwenu hakuna, uliza mama yako kwanza! Namshukuru Mungu alimtoa mtoto wangu kwa aibu, akanitoa mimi kwa uongo.

Jana nilimuuliza Mwende kama naweza kusema haya mbele yenu. Akafikiria. "Sema, baba, lakini sema na yako."

Nimesema, mama. Wewe yako inaisha na miaka tisa, yangu ilifika kumi na mbili. Hata hapo, kanisa, mimi ndiye namba moja. Asifiwe Yeye aliyetukausha sote!