Mukamugema Sidonie, Aliyeweka Vidonge Vyake Madhabahuni (1957–2025)

Mama Mukamugema Sidonie alizaliwa Kalengera, Rutshuru, tarehe 3 Mei 1957, mtoto wa pili wa mkulima Nizeyimana. Alisoma shule ya misheni hadi mwaka wa sita, akaacha ili wadogo zake wasome.

Tarehe 12 Julai 1976 aliolewa na mwalimu Harelimana Anastase, wakahamia mtaa wa Majengo, mjini, ambako aliuza maharagi sokoni kwa miaka arobaini. Tarehe 17 Januari 2002, volkano ilipoimeza nyumba yao, mzee alitoka na Biblia, mama akatoka na sufuria ya maharagi kichwani.

"Beba Neno, papa Havugimana," alimwambia mumewe njiani, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Magaribi tutaona batoto batalilia nini."

Mwaka 2019 madaktari walimkuta na tansiyo, shinikizo la damu. Alimeza kidonge kila asubuhi hadi Oktoba 2024, alipoanza kusali Mugunga kwa mtu aliyejiita Nabii Élisée. Huko wagonjwa huweka dawa zao madhabahuni kuwa ushuhuda. Nabii alisoma habari za mfalme Asa, aliyetafuta waganga badala ya Bwana, akafa. Mama akaweka vidonge vyake vyote.

Mzee Anastase alikuwa amefundisha miaka thelathini na minne kwamba mstari hausomwi peke yake. Jumapili iliyofuata alisimama katikati ya ibada, Biblia mkononi.

"Isaya naye alikuwa nabii. Sura ya 38, mustari wa 21: mufalme Hezekia ni mugonjwa, na Isaya anaagiza bamuwekee tini juu ya jipu. Ile si dawa?"

"Mwalimu, hapa hatuko mu kalasi," Nabii alijibu. Watu wakacheka.

Mzee alisema kweli. Lakini mama alirudi nyumbani macho chini. "Umenipatisha haya mbele ya bamama benzangu," alisema. Mzee akanunua vidonge vingine. Mama akakataa kupokea kitu mkononi mwake.

Watu wanasema vita iliyoingia mjini Januari ndiyo iliyomuua, kwa kuwa famasi zilifungwa. Si kweli. Bunduki zililia, na vidonge alivyonunua mzee vilikuwa sandukuni, hatua tatu kutoka kitandani.

Tarehe 27 Februari alianguka, mkono wa kuume ukafa. Nabii akatuma ujumbe: Jumapili tarehe 9 Machi mama angeingia kanisani kwa miguu yake. Hospitalini, kwa ulimi mzito, mama alimwomba mumewe, "Soma ile ya Isaya. Usiachie mu katikati." Mzee akasoma sura nzima. Kesho yake mama alimeza kidonge, cha kwanza tangu Oktoba. Alifariki Ijumaa tarehe 7 Machi 2025, saa nane mchana.

Kumbukumbu la Torati 18:22 inasema neno la nabii lisipotimia, Bwana hakulinena, wala tusimwogope mtu huyo. Jumapili, saa ya ibada, mama alikuwa morgi, katika chumba cha maiti. Nabii amesema imani ya mama ilikuwa ndogo. Sisi wa nyumbani tunamjibu hapa, mbele ya jeneza: mama alimwamini yeye kuliko mume aliyeishi naye miaka arobaini na minane.

Ameacha mume, mzee Anastase, watoto wanne, Havugimana, Uwingabire, Grégoire na Tuyisenge, wajukuu tisa, na pakiti ya vidonge, iliyopungua kidonge kimoja, ambayo mzee amekataa kuitupa.

Mungu ampumzishe mama Sidonie kwa amani. Mzee bado hajaipata.