Kifuniko cha Sanduku la Bi. Aleida

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti 2014, Bi. Aleida Wijers anastaafu baada ya kukitumikia Kiwanda cha Diodi cha Waalzicht, hapa Nijmegen, kwa miaka thelathini na minane na miezi minne. Najua atahesabu mwenyewe ili ahakikishe, kwa hiyo nimehesabu mara tatu.

Aliajiriwa Aprili 1976 kufunga maboksi. Siku ya kwanza mhandisi aliwaeleza wageni kwamba diodi hupitisha umeme upande mmoja tu. Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Yeye akauliza, "Nani anauzuia huko upande wa pili? Umemwona?" Mhandisi akacheka, akaenda zake. Bi. Aleida akajiandikisha masomo ya jioni, na miaka minne baadaye akahamia Chumba cha Vipimo akiwa na jibu.

Jibu hilo ametufundisha sote. Kipande cha silikoni kina pande mbili zilizoungana: mmoja una elektroni za ziada, wa pili una nafasi tupu. Kwenye kiungo, elektroni za jirani huvuka na kujaza nafasi, mpaka katikati panabaki ukanda mtupu unaozirudisha nyuma zinazotaka kufuata. Ukisukuma umeme upande unaofaa, ukanda hupungua na umeme hupita. Ukigeuza, ukanda hupanuka na umeme hukwama.

"Karibu wote," husahihisha yeye. "Kidogo huvuja. Hicho kidogo ndicho cha kukichunga."

Na alikichunga kwelikweli. Hakuiamini mita, wala saa ya ukutani, wala kopo la biskuti za saa ya kahawa, ambalo alilikagua kila likirudi kabatini. Tulimtania kwamba hata akijitazama kwenye kioo huomba kitambulisho.

Mwaka 1989 mashaka hayo yaliniangukia mimi. Nilikuwa mgeni wa miaka miwili, zamu ya mchana, na mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Vipande vyetu, ambavyo hupimwa vikiwa bado wazi, kabla ya kuwekewa ganda, vikaanza kuvuja umeme kupita kiasi, na kila mara ilikuwa ni zamu yangu. Vya asubuhi vilikuwa salama. Chumvi ni sumu kwa kiungo, na mfukoni sikukosa peremende nyeusi za chumvi, zile tunazokula sote hapa tangu utotoni.

"Gijs, geuza mifuko," akaniambia mbele ya watu. Nikageuza. Zilianguka kumi na moja.

Akaandika taarifa. Bwana Thijssen, mkuu wa idara, akaandaa barua ya kunifukuza kazi. Nilimchukia Bi. Aleida wiki hiyo, nalisema leo wazi, na habari ya barua sikuthubutu kumwambia mke wangu.

Alhamisi mvua ilinyesha kutwa, na vipimo vyangu vikatoka safi. Bi. Aleida akaja na koti lake mwilini, amekunja uso.

"Leo umekula nini?"

"Hizo hizo, Bi. Aleida. Zamu nzima."

"Usinidanganye."

"Nusa vidole vyangu basi!"

Alivinusa, kweli tena. Akaketi kando yangu akiukodolea macho mshale wa mita. Saa tisa na robo mawingu yakapasuka, jua likaingia kwa dirisha letu la magharibi, lisilopata jua asubuhi, na mshale ukapanda. Sikuwa nimegusa kitu. Akavua koti, akalitupa juu ya sanduku la kupimia, ambamo vipande vilikaa wazi. Mshale ukashuka. Akalitoa, ukapanda. Alifanya hivyo mara tisa, maana nane hazikumtosha.

Mwanga ukikipiga kiungo kilicho wazi huzing'oa elektroni pale pale kwenye ukanda, nazo huvuja. Ndiyo maana sanduku lilikuwa na kifuniko na dirisha lilikuwa na pazia. Kwetu vyote viwili viliitwa vya kuzuia vumbi, na aliyeviondoa mwezi mmoja kabla ni Bi. Aleida mwenyewe. Huku kwetu watu hawafungi mapazia majumbani. Anayefunga hudhaniwa ana la kuficha. Naye alitaka kuona mikono yetu inafanya nini.

Angeweza kukirudisha kifuniko kimyakimya. Alingoja saa ya kahawa, idara nzima ikiwa imesimama na vikombe.

"Bwana Thijssen, ichane hiyo barua. Aliyeharibu vipimo ni mimi. Gijs hana kosa."

Akanipa biskuti yake. Asiyemjua hawezi kuelewa uzito wa jambo hilo.

Tangu siku hiyo kila mpimaji mgeni hufundishwa kwanza kufunga kifuniko, kisha kujishuku mwenyewe. Keki ya leo ameileta yeye, kama ilivyo desturi yetu, na ameikata kwa rula.

Limebaki moja. Binti yetu alizaliwa mwezi uliofuata, tukamwita Aleida. Kwa miaka ishirini na mitano Bi. Aleida ameniuliza jina hilo limetoka wapi, nami nimemjibu kwamba ni la bibi yangu mzaa mama. Hajaniamini hata siku moja. Bi. Aleida, ulikuwa sahihi. Bibi yangu aliitwa Hendrika.

Asante kwa yote. Tunakuombea siku nyingi za afya na jua, nawe uliache liingie ndani.

Gijs Peelen, Chumba cha Vipimo