Bwana Alinitoa Kwenye Katoni Kubwa

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Mimi ni Mama Anto wa Ruashi, mnanijua, yule wa bangili na hereni za shaba. Leo sikuleta ushuhuda wa ugonjwa. Nimeleta ushuhuda wa katoni. Anayetaka kucheka acheke, ila mwishoni aseme amina!

Mume wangu, Papa Anto, anafua shaba nyumbani. Mimi napiga picha, naziweka kwenye simu, na wateja wa Kinshasa wanaagiza. Kazi nzuri. Lakini kwetu, kumtumia mtu kifurushi kidogo ni kama kumdharau. Mama yangu alinilea hivyo: zawadi lazima ionekane tangu mlangoni. Basi hereni mbili nilikuwa nazitia kwenye katoni ya viatu, najaza magazeti, nazungusha skochi, ule utepe wa gundi, mpaka mtu aombe kisu. Nilifanya kwa moyo mweupe kabisa!

Ndugu zangu, gharama ya kutuma ikapita bei ya hereni. Kule kwenye ajansi ya vifurushi hawaangalii uzito peke yake, wanapima pia nafasi ambayo mzigo utachukua ndani ya ndege. Wateja wakaanza kuniacha mmoja mmoja, tena kwa salamu nzuri. Nikafunga kula, nikakemea mashetani, nikamshuku hata jirani. Katoni sikuishuku.

Siku moja Papa Anto akarudi na taa ya kufunga kichwani, mpya. Watu wa Ruashi mnajua taa ile ni ya nini. Akaniambia, "Semaine yenye kuya nitashuka mu shimo. Batoto bakule nini?" Yaani wiki ijayo tu! Kaka yake alishuka kuchimba madini, shimo likamfunika, na hatukupata hata mwili wa kuzika. Niliogopa, ndugu zangu. Niliogopa sana!

Lilikuwa limebaki agizo moja tu, hereni za bibi arusi, na arusi ni Jumamosi. Nikaenda ajansi na katoni yangu. Karani wa mizani akaitazama, akauliza, "Mama, uko natuma frigo?" Friji, ndugu zangu! Foleni nzima ikacheka. Akataja bei, na mimi sikuwa nayo. Ikabidi nifungue mbele ya watu. Karatasi, tena karatasi, tena karatasi! Mwishoni hereni mbili zikalala kwenye kiganja changu, na kiganja hakikujaa.

Nikaomba pale pale, macho wazi: Bwana, mume wangu asishuke. Basi, hayo tu. Sikusikia sauti yoyote. Nilichoona ni kiganja changu, nikaelewa ukubwa wa kitu nilichokuwa natuma.

Nikaazima kisu cha karani, nikakata kipande cha katoni kinachoenea mkononi. Nikavuta uzi kwenye pindo la kitenge changu, nikazifungia hereni juu ya kile kipande ili zisichezecheze. Nikaweka kipande kingine juu yake, nikachana utepe wa kitenge, nikazungushia na kukaza. Karani akapima, akatabasamu. "Iyi sasa iko barua." Bei ya barua nilikuwa nayo!

Bibi arusi akanipigia simu. Hereni zilifika salama, hazikupinda, na ule utepe wa kitenge aliufunga mkononi siku ya arusi. Kile nilichodhani ni dharau, yeye alikiita zawadi. Dada zake wakaagiza, na rafiki za dada zake, na mpaka leo nafunga namna ile ile.

Namshukuru Yesu! Na wewe unayekemea kila kitu nyumbani mwako, mtegemee Bwana, ila katoni yako ifungue mbele zake akuonyeshe kilichomo.

Papa Anto hakushuka. Ile taa tunayo bado. Kila umeme ukikatika anaifunga kichwani, anakaa mezani pake, anaendelea kufua hereni, na mimi namsikia toka jikoni.