Jioni Kemuma Alipofuta Brauza

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Kemuma, mama wa kijiji cha Ekerenyo aliyetutoka Jumanne. Kemuma alikuwa mpiga chapa katika duka la Mzee Rasiklal, mjini Kisii. Na nisiwafiche: alikuwa mwoga. Kompyuta aliiogopa kama radi.

Nani angemlaumu? Taipureta ilimtumikia miaka kumi na minne bila kubadilika hata kitufe. Kisha ikaja brauza, ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao. Akaizoea kwa taabu. Lo! Brauza ya Januari, kufika Agosti imeshakuwa kikongwe. Kurasa mpya zinaikataa.

Ilikuwa Agosti ya mwaka jana, 1998. Bintiye, Drusilla, alikuwa akiomba nafasi ya kusomea uuguzi ng'ambo. Fomu ilikuwa mtandaoni pekee, na mwisho wa kuituma ni saa kumi na moja jioni hiyo. Nasema tena, jioni hiyo hiyo. Kemuma akafungua ukurasa. Mweupe. Fomu haipo.

Rasiklal alikuwa na brauza mpya kwenye diski ya sidii kutoka Nairobi. Ila kompyuta ilikuwa imejaa pomoni. Ili mpya iingie, ya zamani ilibidi ifutwe kwanza.

"Na mpya ikikataa?" Kemuma akauliza.

"Basi hatuna hata moja, Mama Drusilla. Mimi siwezi. Futa wewe." Mwenye duka huyo akaenda kusimama mlangoni, akaipa kompyuta mgongo!

Drusilla ametuambia kwa simu: "Mama alilowa jasho. Alisema, 'Nyasae, Mungu wangu, nisaidie, nikikosea nimemfungia mtoto wangu njia.'"

Akafuta. Dakika ishirini nzima duka halikuwa na brauza yoyote. Mvua nayo ikaanza, na mvua ikinyesha Kisii, laini ya simu, ile inayoleta mtandao, hukatika. Kemuma akaendelea kuingiza ile mpya. Saa kumi na dakika hamsini fomu ikafunguka. Akaijaza, ikaenda.

Novemba ikaja brauza nyingine. Akaogopa upya, akafuta tena.

Wasikilizaji, pole zetu kwa Drusilla, aliye mwaka wa kwanza huko ng'ambo, na kwa jamaa wote. Nawe unayetetemeka mbele ya jambo geni, jiulize nani anakungoja upande wa pili. Wahenga walisema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Leo, Ekerenyo kunaliliwa.